Kesi moja haiko ushahidi: mtoto AS na damu iliyoganda mu kichwa

Wandugu, wale wa udaktari wanajua aina hii ya maandishi: ripoti ya kesi. Mtoto anafika hospitali, kichwa kinamuuma siku kadhaa, anatapika, halafu degedege. Skaneri inaonesha damu imeganda ndani ya vena za ubongo. Wanapima damu yake, wanakuta ni AS. Mwisho kabisa inakuja ile sentensi: pengine AS njo ilileta. Wanafunzi wetu wanaibebaka hivyo hivyo mpaka ndani ya memwari. Leo nataka kuikosoa, na kuitetea pia kidogo.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Kwetu Congo, AS haiko kitu cha kutafuta na tochi: karibu mtu moja kwa wane anaibeba. Ukichukua watoto wane waliovunjika mguu mu mpira, usishangae moja akiwa AS. Hakuna atakayeandika kwamba AS inavunjaka miguu. Kumukuta mtu mahali jambo limetokea haiko kumukuta na kosa.

Kosa la pili: sababu zingine zinapitwa haraka. Ugonjwa huu ni haba sana kwa watoto. Uchunguzi mkubwa wa Canada uliotoka mu 2001 ulihesabu chini ya mtoto moja kwa 100 000 kila mwaka. Na mara mingi unakuwaka na mlango wake: sikio la usaha lililoachwa mpaka maambukizi yakaingia mu mfupa wa nyuma yake, kuhara na kukauka maji, ao upungufu wa damu. Ukisoma ripoti, angalia kama sikio limepewa mstari moja tu na AS imepewa kurasa mbili.

Kosa la tatu ni kipimo. Test ya Emmel inaonesha tu kama chembe nyekundu zinajikunja. Haitenganishi AS na SS. Bila elektroforezi, yule tunayemuita AS anaweza kuwa SS, na SS njo ugonjwa wenyewe, ambao hatari yake kwa mishipa ya kichwa inajulikana vizuri.

Sasa utetezi. Sisi tunasemaka "AS haina neno". Hiyo pia haiko kweli yote. Kwa watu wakubwa, chunguzi za Marekani zenye kulinganisha vikundi zimeonesha kwamba AS inaongeza hatari ya damu kuganda na kuziba mapafu. Mu 2016, uchunguzi juu ya askari weusi karibu 48 000 wa nchi ile ulikuta AS haiongezi vifo, lakini inaongeza kuharibika kwa misuli wakati wa mazoezi makali. Basi wazo la ubongo haiko upuuzi: ndani ya vena damu inatembea polepole, na mtoto akikauka maji inazidi kuwa nzito. Ni swali zuri. Lakini swali haiko jibu.

Mbona nakazia? Juu ya mambo mawili. Kwanza, sentensi ya labo inafikaka mu familia: "Ule mutoto ni AS, ni mugonjwa", na kesho yake ndoa inavunjika. Pili, kwetu homa na degedege tunasema malaria palepale. Kipimo kikitoka chanya, hakuna anayeangalia tena sikio. Lakini mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria na damu iliyoganda mu kichwa kwa wakati moja, na skaneri ya kawaida, bila dawa ya kuonesha mishipa, inaweza kuipitisha. Akiwa AS ao AA, yule mtoto sherti aangaliwe vile vile.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta mada ya memwari, usituletee kesi ingine moja peke yake. Kusanya watoto wenye ugonjwa huu kutoka hospitali kadhaa, tafuta wasio nao wa umri moja na mtaa moja, wapime wote kwa elektroforezi, halafu linganisha. Hesabu ikitoka sawa kwa pande zote mbili, iandike vile vile bila haya. Mama mwenye mtoto AS atalala usingizi juu ya ukurasa ule.