Tawakali au Zuhudi? Hoja Chache juu ya Al-Inkishafi

1. Suala lenyewe

Katika masomo ya fasihi ya Kiswahili, shairi la Al-Inkishafi hutolewa mara nyingi kama mfano bora wa utungo unaomfundisha mwanadamu kumtumainia Mungu kuliko mali na raha zake. Wanafunzi wetu huandika hivyo katika kazi zao, na waalimu hukubali. Katika kurasa hizi tunapenda kuichunguza upya kauli hiyo. Tuonavyo sisi, wasemao hivyo wamechanganya mambo mawili yaliyo jirani lakini si mamoja: zuhudi, yaani kujitenga na anasa za dunia, na tawakali, yaani kumkabidhi Mungu jambo lako ukatulia. Mtu aweza kuacha mali kwa hofu, au kwa kukata tamaa, pasipo kumtumainia yeyote.

2. Mtunzi na mji wake

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga shairi hili katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 au ya mwanzo ya karne ya 19, katika lahaja ya kaskazini, huko visiwani Lamu na Pate. Mji wa Pate ulikuwa umetajirika kwa biashara ya bahari. Kisha vita na fitina za watawala viliudhoofisha, na kushindwa kwake na watu wa Lamu huko Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, kulikamilisha anguko hilo. Wasomaji wa nje walilifahamu shairi hasa kwa tafsiri ya Kiingereza ya William Hichens, iliyochapwa mwaka 1939.

Mtunzi hausemeshi umati. Anausemesha moyo wake. Auliza kwa nini hauzinduki, ni kitu gani kilichoughuri, na kama una hoja basi uitoe. Dunia anaionyesha kwa mifano inayofuatana: bahari yenye mawimbi na miamba, mangati ya mchana yanayomvuta mwenye kiu hadi kwenye jua tupu, mzoga usiopendwa ila na mbwa. Uhai nao ni taa iliyowekwa penye upepo.

3. Nguvu ya shairi

Ubora wa shairi uko katikati yake, mahali mtunzi anapoyatazama majumba ya Pate. Kwanza ayajaza: taa za kioo na za shaba zinazougeuza usiku kuwa mchana, vyombo vya Kichina vilivyopangwa, vitanda vya fahari, watu wa kukanda miili na wa kupepea, wanawake wa kuwaimbia mabwana hadi walale. Kisha ayaondoa yote. Mabwana wamelala kaburini, mchanga umewabana. Kumbini hulia wadudu, na ndege na popo wameshika makao. Mwishowe auliza wako wapi, akiwataja hata watu wa nasaba yake mwenyewe.

Hapa umbo linasaidia maana. Mistari ni mirefu kuliko ile ya utenzi wa kawaida wenye mizani 8, na kina cha mstari wa nne wa kila ubeti ni kilekile tangu mwanzo hadi mwisho: -ye. Katika lahaja ya kaskazini mwisho huo, mara nyingi, ni wa kitenzi katika wakati timilifu: jambo limekwisha kutendeka. Basi hata ubeti unaosifu karamu humalizika kwa sauti ya kitu kilichopita. Msomaji wa Kongo, aliyezoea Kiswahili kingine, asiiruke sauti hiyo kwa kusoma maelezo ya sanifu pekee. Ataupoteza moyo wa shairi.

Lakini tuseme ukweli: mtunzi aliyependa kuzidharau taa zile asingezieleza hivyo. Anazitazama kwa jicho la mtu aliyezipenda. Hilo silo kosa la shairi, ndilo linaloliokoa lisiwe hotuba. Kuambiwa kwamba kitu kisichokuwa na thamani kimepotea hakumzindui mtu.

4. Pungufu lake

Baada ya magofu shairi linaelekea kwenye Siku ya Kiyama na moto wa Jehanamu, ambao tabaka zake zinatajwa kwa majina. Moyo umenyang'anywa mali, kisha umetishwa. Je, umepewa mahali pa kutulia? Jina la Mungu limetangulia mwanzoni, na sifa zake pia. Hata hivyo sehemu kubwa ya shairi inatufundisha yale tusiyopaswa kuyategemea, na machache kuhusu Yule tunayepaswa kumtegemea.

Tulilinganishe na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika eneo lilelile. Mama mgonjwa anamwachia binti yake wasia. Hamkatazi manukato, wala mapambo, wala nyumba nadhifu, anamfundisha kuvitunza. Lakini anapofika mwisho anaomba dua ndefu, akimwekea Mungu amana ya watoto wake na ndugu zake, kwa kuwa yeye hawezi tena kuwalinda. Yule bwana wa Pate alipoteza nyumba. Huyu mama yuko karibu kupoteza watoto, na anawakabidhi. Tukitafuta tawakali katika fasihi ya kale ya pwani ya kaskazini, tuonavyo sisi, tutaipata wazi zaidi hapo.

Pungufu la pili ni la kijamii. Wale wa kukanda na kupepea wanapita katika shairi kama vyombo vya nyumba, sawa na taa. Mtunzi haulizi wao walipatwa na nini mji ulipoanguka. Somo lake ni la mwenye kuwa nacho, naye alijua anawasemesha akina nani.

5. Kwa nini jambo hili latuhusu

Tofauti hii si ya istilahi tu. Nchi yetu imeona majumba yakibaki matupu kwa muda mfupi kuliko wa Pate: uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993, noti ya zaire milioni tano iliyokataliwa na wafanyabiashara, kisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioondoka kazini katika miaka ya 2003 na 2004. Katika hali hiyo maneno ya kwamba mali si kitu husikika kila mahali. Yakisemwa na tajiri kwa nafsi yake, kama Sayyid Abdallah alivyousemesha moyo wake, ni toba. Yakisemwa kwa mtu ambaye mshahara wake haukulipwa, yanaweza kuwa njia ya kumnyamazisha. Mwalimu anayefundisha Al-Inkishafi bila kutaja nani anasema na nani, anaweza kulifanya shairi la toba kuwa wakili wa mdeni.

6. Hitimisho

Hatukusudii kuishusha Al-Inkishafi. Ni miongoni mwa tungo kuu za Kiswahili, na haina mfano katika kuonyesha jinsi starehe inavyogeuka vumbi. Tunapendekeza tu isomwe kama shairi la zuhudi, na karibu yake usomwe Utendi wa Mwana Kupona kama shairi la tawakali. Wa kwanza anafungua mkono ulioshika mali. Wa pili anaonyesha mkono uliokwisha kufunguka unaweka wapi kile unachokipenda. Mwanafunzi aliyesoma moja tu kati ya hizo mbili amesoma nusu ya somo.