Msanii Asiyejulikana

CD nyingi za muziki hazina jina ndani yake. Mashine ikiisoma CD inakuta sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na alama za kuonyesha wimbo unaanzia wapi na kuishia wapi. Basi. Jina la mwimbaji, la wimbo na la kikundi yamechapwa kwenye karatasi ya jalada. Kwa hiyo ukiitia CD kwenye kompyuta ili uhamishie nyimbo kwenye simu, programu huhesabu nyimbo na urefu wake, kisha huuliza hazina fulani ya intaneti kama kuna mtu aliyewahi kupitisha CD yenye vipimo hivyo. Akiwepo, unapewa aliyoyaandika yeye, pamoja na makosa yake. Asipokuwepo, kioo kinakuandikia: "Msanii asiyejulikana, Wimbo wa 1."

Nimehamisha CD hamsini na kitu za taarab kutoka kabati la nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Kazi ya mashine ilikuwa ya siku tatu. Kazi ya kujaza visanduku vya majina imechukua miezi, kwa sababu kila kisanduku kina rai yake kuhusu muziki ni kitu gani, na rai hiyo haikutoka kwa mtu aliyewahi kukaa ukumbini usiku wa taarab.

Tuanze na kisanduku cha "Msanii". Kinataka jina moja. Taarab ya klabu haina mtu mmoja. Yupo aliyetunga maneno, na mara nyingi hapandi jukwaani kabisa. Yupo aliyeyatia muziki. Yupo mwimbaji. Nyuma yao pana klabu nzima: fidla, udi, ganuni, akodioni, nai, dumbaki na waitikiaji. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na zote zimeshazika waimbaji wengi zikabaki. Ukiandika jina la klabu, mwimbaji amepotea. Ukiandika mwimbaji, klabu inakatika vipande kumi na mbili kwenye orodha ya simu, kila kipande na wimbo wake mmoja. Mtunzi naye, mwenye maneno yanayogombaniwa maana barazani, anacho kisanduku chake, ila programu nyingi za simu hazikionyeshi.

Chukua "Kijiti", wimbo wa Siti binti Saad ambao Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliuimba pia. Faili ya Bi Kidude ikishaingia kwenye simu inasema: Msanii, Bi Kidude, Aina, World. Hapo Siti hayupo. Hakuna pa kusomea kwamba alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, na kwamba Siti ni jina la heshima alilolipata kwa uimbaji wake. Hakuna pa kusomea kwamba mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Wala hakuna habari kwamba "Kijiti" ni kisa cha mauaji, ambapo muuaji alitoroka na mashahidi ndio walioadhibiwa na mahakama ya kikoloni. Wimbo ulioishitaki mahakama unakuwa sauti ya bibi mzee inayopendeza wakati wa kufua. Siti mwenyewe, ukimpata kwenye hazina za intaneti, ameandikwa Siti binti Saad, Siti bint Saad, Sitti binti Saad. Simu inawahesabu kuwa wanawake watatu.

Kisanduku cha "Aina" ni kichekesho cha peke yake. Orodha ya kwanza ya aina za muziki kwa faili za MP3, ya mwaka 1996, ilikuwa na aina 80. Polka imo, nambari 75. Taarab haimo. Iliyo karibu ni nambari 48, "Ethnic", yaani muziki wa watu wengine. Siku hizi unaweza kuandika neno lolote, lakini hazina zimekwisha kujazwa, na ukikubali ziliyokupa, Ikhwani Safaa itakaa rafu moja na ngoma za Tibet.

Halafu kuna mpangilio. Taarab ya zamani hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu, ili wapigaji wakae sawa na wasikilizaji watulie. Simu haijui kufungua. Inapanga kwa alfabeti, au ukibonyeza kitufe cha kuchanganya, inakutupia bashraf katikati ya nyimbo mbili za kurusha roho, na bashraf inasikika kama mtu aliyekosea mlango.

Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. CD nayo haikuwa pepo. Upande mmoja wa santuri za Siti ulichukua dakika tatu hivi, kwa hiyo nyimbo zilishakatwa kabla CD haijazaliwa. Na CD nyingi nzuri za taarab ya Unguja zilitengenezwa mbali na hapa. Globestyle walikuwa London. Mfululizo wa Zanzibara, uliosimamiwa na Werner Graebner, ulitolewa Ufaransa na Buda Musique. CD ya kwanza, ya mwaka 2005, ni ya miaka mia ya Ikhwani Safaa, na maelezo ya kijitabu chake ni ya Kifaransa na Kiingereza. Wageni walizinunua madukani Mji Mkongwe, wakati wenyeji wengi tulikuwa na redio na kanda. Simu imetupa kitu ambacho kabati halikutupa: naweza kumsikiliza Siti kisha Bi Kidude katika wimbo ule ule bila kuinuka, na nikasikia wapi mwanafunzi alimfuata mwalimu na wapi alikataa. Huo ni uhakiki ambao zamani ulihitaji gramafoni, redio na bahati.

Kwa hiyo ukihamisha, anza na kijitabu. Kipige picha kurasa zote na uziweke folda moja na nyimbo. Hifadhi sauti kwa FLAC, isiyotupa chochote na bado huchukua karibu nusu ya nafasi. Andika klabu kwenye kisanduku cha "Msanii wa albamu", mwimbaji kwenye "Msanii", mtunzi kwenye chake hata kama simu inamficha. Yaliyobaki, andika kwenye "Maoni". Kisha nenda kwa wazee, kwa sababu vijitabu vyenyewe vina mapengo.

Mimi nilikwenda Malindi kwa shangazi yangu, na simu na spika ndogo. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka nusu akasema, "Huyu umemwandika kuwa mwenye wimbo? Kaimba tu huyu. Maneno ya mwengine." Akamtaja mtunzi, akamtaja mpiga fidla, akaeleza mwaka gani ulivuma na nani alikwenda kutunza mpaka pochi ikaisha. Nilikuwa naandika mbio mbio. Nikamuuliza, "Shangazi, alitungiwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Namjua. Lakini hilo usitie humo, mwanangu. Wenyewe wana wajukuu."

Hapo ndipo nilipoona mwisho wa kazi hii. Taarab ni fumbo, na fumbo huishi kwa kuwa wanaojua hawasemi wote, na wasiojua wanaendelea kubahatisha. Faili iliyojazwa kila kisanduku ingekuwa umbea. Mtunzi, mwimbaji, klabu na wapigaji wana haki ya kutajwa, na kuwaacha waitwe "asiyejulikana" ni uvivu wetu. Aliyepigwa kijembe ana haki nyingine. Kwenye "Maoni" ya wimbo ule nimeandika jina la mtunzi, la mpiga fidla, na mwaka. Pa aliyetungiwa nimeweka nukta tatu. Shangazi alitaka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea mpaka kwenye nukta, akacheka, akasema niurudie wimbo tangu mwanzo.