Jicho la Mdiria

Mdiria mweusi na mweupe wa Ziwa Naivasha ana kipaji walichonyimwa ndege wengi: husimama angani. Hupigapiga mbawa juu ya maji, mdomo ukielekea chini, na kichwa hakitikisiki hata kidogo, kwa sababu bila jicho lililotulia samaki haonekani. Anayetaka picha kali za ndege na amtazame huyu kwanza.

Kuseti kamera huonekana kazi ya tarakimu, kumbe ni kazi ya kumjua ndege. Furukombe aliyetua juu ya mti mkavu hutosheka na kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde. Akiruka, nampa 1/2000 au zaidi. Kwa mdiria aliyesimama angani kuna njia mbili: 1/3200 huzigandisha mbawa unyoya kwa unyoya, 1/800 huziacha mbawa zififie kwa mwendo, ilhali jicho linabaki kali kwa kuwa kichwa kimetulia. Zote ni picha nzuri. Ni juu ya mpiga picha kuamua anataka kusimulia nini.

Kila uamuzi una gharama yake. Kasi ikipanda kutoka 1/1000 hadi 1/2000, mwanga hupungua nusu. Ukiufidia kwa kupanua tundu la lenzi, sehemu iliyo kali huwa nyembamba: kwa lenzi ya milimita 400 na tundu la f/5.6, ndege akiwa mita 5 kutoka kwako, kina cha sehemu hiyo ni kama sentimita 5 tu. Ukilenga bawa, jicho umelikosa. Ukiufidia kwa kupandisha ISO, picha huingia chenga. Mimi huchagua chenga bila kusita. Chenga husafishika kwenye kompyuta. Jicho lililotikisika halina dawa.

Yapo pia yasiyo na kitufe. Jua likishapaa, joto juu ya maji huipindapinda taswira, na hakuna lenzi ya kuinyoosha, hata iwe ghali vipi. Hapo tiba ni kudamka, kuzima injini ya boti na kumsogelea ndege taratibu.

Haya yote huamuliwa mapema, maana mdiria akishajitosa majini, muda wa kuzungusha vitufe umekwisha. Kamera za leo hulitambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe, nami nazishukuru. Lakini kujua ni kipi kitakachotulia na kipi kitakachokwenda mbio, na kuchagua kipi kipewe ukali, bado ni kazi ya mtu aliyekaa akamtazama ndege kwa mapenzi.