Kuku Mmoja na Sentensi Inayorefuka

Kumweleza mtoto wa miaka minane maana ya mkopo kwa kuanzia na riba ni kumfukuza darasani. Katie Smith Milway hakuanzia hapo. Kitabu chake cha picha, One Hen, kilichotolewa na Kids Can Press ya Kanada mwaka 2008, kinaanza na Kojo, mvulana wa Ghana aliyefiwa na baba na kuacha shule ili amsaidie mama yake kuuza kuni. Familia za kijijini kwao zinaweka akiba pamoja na kukopeshana kwa zamu. Mwanakikoba yeyote wa huku kwetu atautambua mtindo huo. Zamu ya mama inapofika, ananunua mkokoteni. Kwa visarafu vilivyobaki, Kojo ananunua kuku.

Ufundi wenyewe uko kwenye maneno mafupi yanayokwenda sambamba na simulizi kuu. Yamejengwa kwa kulimbikiza: kila hatua mpya inabeba zote zilizotangulia, mkopo, kuku, mayai, kibanda, shule, na kuendelea. Mtoto anayesoma kwa sauti huishiwa pumzi kabla ya nukta. Faida inayorudishwa kwenye mtaji ndivyo inavyokua, na hapa mtoto anaihisi kifuani kabla hajaijua kwa hesabu. Mwalimu akimaliza kipindi kizima ubaoni, sidhani atafika mbali kuliko hapo.

Hadithi ina mzizi wa kweli. Kojo amechorwa kutokana na maisha ya Kwabena Darko, mfugaji mkubwa wa kuku wa Kumasi, ambaye mwaka 1992 aligombea hata urais wa Ghana. Miaka miwili baadaye ilianzishwa Sinapi Aba Trust, taasisi ya mikopo midogo ambayo yeye ni mwasisi wake.

Lakini sentensi inayorefuka haijui kufupika. Kojo anakataliwa benki anapotaka mtaji wa shamba, kisha anapata. Safari yake kwa jumla ni ya kupanda. Aliyewahi kufuga kuku wa kienyeji anajua ugonjwa wa kideri unavyoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Deni la kuku waliokufa halifi nao, na kwangu hilo ndilo somo gumu la mkopo: rejesho linadaiwa hata biashara ikianguka.

Ndiyo maana ningekisoma pamoja na My Rows and Piles of Coins cha Mtanzania Tololwa Mollel, chenye picha za E. B. Lewis, cha mwaka 1999. Saruni anadunduliza sarafu anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba bidhaa za sokoni. Anazipanga kwa mistari na mafungu, na mtoto anaweza kuzihesabu naye. Akienda dukani, muuzaji anamcheka: hazifiki hata karibu. Mollel anaiacha aibu hiyo imkae msomaji kwanza, ndipo baba anapojitokeza na baiskeli yake kuukuu.

Darasani ningesimama pale Kojo anapomchukua kuku wake wa kwanza, kabla ya kufunua ukurasa, niulize: kuku huyu akifa wiki hii, nani atalipa? Watoto ambao mama zao wako kwenye vikoba wataanza kutaja wadhamini, hisa na mfuko wa jamii, na huenda wakabishana hadi kengele ilie.