Sifa za Mguu wa Kushoto

Ukonga, hapa Dar es Salaam, haina mawe yake. Kuanzia Banana hadi Gongo la Mboto, ukichimba msingi unakutana na mchanga na udongo wa mfinyanzi, na ukipanda vilima vya Pugu unakuta kaolini, nyeupe na laini. Jiwe gumu hapa ni mgeni. Limeletwa na tipa kutoka machimbo ya Lugoba, au kama ni la matumbawe, kutoka upande wa Kunduchi na Boko. Tipa hulimwaga pale barabara inapoishia, na masika barabara za mitaani huishia mapema. Kutoka hapo hadi ukingo wa korongo linalokula kiwanja cha mtu, kazi inabaki kwa trekta na dereva wake.

Dereva huyo ndiye ninayetaka kumsifu, maana mitaani tunasifu mashine tu.

Jiwe hukadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Itale yenye mita moja kila upande ina takriban tani 2.6. Massey Ferguson 135, trekta ambalo madereva wengi wa zamani wanalikumbuka, lenyewe ni kama tani moja na nusu. Kwa hiyo kinachovutwa kinaweza kuwa kizito kuliko kinachovuta. Dereva mjuzi hulizunguka jiwe kabla ya kupanda kitini. Analigonga kwa mtaimbo, anainama kuona limelalia nini, anaitazama njia yote atakayopita. Mwenye kiwanja huona muda wake unapotea. Mimi naona hapo ndipo nusu ya kazi inapofanyika.

Kisha mnyororo. Swali la pahala pa kuufunga ndilo linalotenga fundi na mbabaishaji. Wapo wanaoufunga juu, kwenye mikono ya kuinulia jembe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Jiwe likigoma, magurudumu ya nyuma hukosa pa kuzungukia, lakini injini haijui kwamba yamekwama. Basi trekta lenyewe hujizungusha kwenye ekseli yake, pua inapanda na chuma chote kinamrudia dereva mgongoni. Haichukui hata sekunde mbili. Fundi hufunga kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya usawa wa ekseli. Hapo, kadiri pua inavyotaka kupanda, chuma kile hushuka, na nguvu ya kupindua inapungua badala ya kuongezeka.

Hatari hii ni ya zamani kama trekta. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, aliandikisha mwaka 1926 mfumo wake wa mikono ya nyuma, na faida yake mojawapo ilikuwa kuzuia trekta lisipinduke jembe linapogonga jiwe. Angalia lakini: ulifikiriwa kwa ajili ya jembe lililogonga jiwe, haukufikiriwa kwa ajili ya jiwe lililofungwa mnyororo. Sweden nayo, mwaka 1959, ililazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Penye fremu, funga mkanda. Pasipo na fremu, mkanda unamzuia mtu kuruka.

Sasa ule mguu wa kushoto, mguu wa klachi. Anayejua kazi hutia gia ndogo kabisa, huachia klachi kidogo kidogo mpaka mnyororo unyooke, kisha hutulia. Hapo utingo huondoka, na huondoka mbali kuliko urefu wa mnyororo, kwa sababu mnyororo ukikatika hauulizi nani amesimama karibu. Ndipo klachi inamaliziwa, polepole, kama mama anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Jiwe linasogea bila kishindo. Ukiona trekta linarukaruka na moshi mweusi, na watu wanashangilia, ujue unatazama ufundi mbovu. Kazi nzuri ya aina hii haina cha kutazama, na pengine ndiyo maana haina washabiki.

Nguvu bila ufundi tuliishaiona nchini hapa. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na Mpango wa Karanga, wakiwa na matrekta yaliyobaki vitani na mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mibuyu na ardhi ngumu viliyashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ni mfano mkubwa mno kwa kazi ya korongoni Ukonga, nakubali, ila kosa ni lile lile: kuidhania mashine kuwa ndiyo ujuzi.

Kuteremka, wengi hukuona kuwa nafuu. Kwangu ndiyo sehemu ngumu. Jiwe lililowekwa juu ya magogo na kuburutwa huweza kumfuata dereva na kumsukuma, kwa hiyo huteremka kwa gia ile ile ndogo, wala hatii gia huru ili aokoe dizeli. Akilibeba kwa kijiko cha mbele, hulishusha karibu na ardhi, na nyuma huweka uzito wa kusawazisha.

Basi wewe unayemkodi, mlipe kwa kazi yote, usimlipe kwa idadi ya mawe aliyosogeza kabla ya saa sita. Waondoe watoto. Na akikwambia kwamba jiwe hili trekta lake haliliwezi, mlipe hata hivyo kwa kukwambia, kisha tafuta nyundo na tindo, lipasuliwe.