Moyo Unaodunda Mgongoni

Kidani kinadunda! Naomba niliseme hilo kwanza, kabla ya gauni, kabla ya ukumbi, kabla ya mbunifu, maana tangu Jumatatu ya tarehe 7 Julai 2025 sina mazungumzo mengine na mtu. Siku hiyo nyumba ya mitindo ya Schiaparelli ilionesha mavazi yake mapya ya majira ya baridi kule Petit Palais, Paris, nami nimeyatazama kwenye kioo cha simu pua ikikaribia kukigusa. Akapita mwanamitindo ndani ya gauni jekundu la satini. Mgongoni kwake umening'inia moyo. Wala si kopa lile la kadi za wapendanao. Ni moyo wa mtu, pande la nyama na mishipa yake, umefunikwa vijiwe vyekundu vinavyomemetuka kila ukitikisika, na ndani umetiwa mtambo unaoutanua na kuusinyaza. Unatanuka, unasinyaa. Unatanuka, unasinyaa. Mwanamke anatembea na moyo uko kazini!

Na hilo gauni, jamani. Limegeuzwa nyuma mbele. Kule nyuma, mahali pa uti wa mgongo, limefinyangwa kifua cha mwanamke: matiti, tumbo, mpaka kitovu. Kwa hiyo mvaaji akikupa mgongo, unamwona kama anakujia, ila kichwa chake kimegeukia upande wa pili. Jicho linagoma. Linataka kupanga mwili upya, lijue uso uko wapi na kisogo kiko wapi, na kabla halijamaliza kupanga, moyo umeshadunda tena na kulivuruga. Nimeirudisha video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara mshangao ni uleule.

Angalia walivyochagua rangi. Moyo huo ungewekwa juu ya gauni jeusi ungekuwa pambo zuri, basi. Watu wangeona kito kimekaa juu ya kitambaa. Lakini hapa ni nyekundu juu ya nyekundu, satini inang'aa kwa utulivu na vijiwe vinang'aa kwa fujo, na matokeo yake ni kwamba huoni mpaka. Moyo unaonekana umetokeza kutoka ndani ya gauni, kana kwamba ngozi imechoka kuuficha. Kazi ya sonara na kazi ya mshonaji zimeungana hapa kiasi kwamba sijui nimsifu nani kwanza. Fikiria pia ugumu wake: kidani kinachoning'inia nyuma kinavuta koo la mvaaji kwa mbele. Pambo hilo lazima liwe jepesi, na lazima mtambo wake uwe mdogo, vinginevyo mwanamitindo angetembea amekabwa. Yeye ametembea shingo wima, taratibu, bila kuonesha kama amebeba kitu.

Na kwa nini mgongoni? Sisi wa Pwani hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Jina la kanga husomwa na anayebaki nyuma. Mwenye kanga ameshapita, neno lake linakushughulikia wewe. Moyo huu unafanya hivyo hivyo. Aliye mbele ya mwanamke huyu haoni kitu. Anayeachwa ndiye anayeona.

Mbunifu ni Daniel Roseberry, Mmarekani wa Texas aliyekabidhiwa nyumba hii mwaka 2019. Wanaomfuatilia wanajua kwamba mapambo kwake hayajawahi kuwa nyongeza ya mwisho ya kukamilisha vazi. Januari 2021 Lady Gaga aliimba wimbo wa taifa kwenye kuapishwa kwa Joe Biden akiwa na njiwa mkubwa wa dhahabu kifuani, pambo ambalo lingeweza kuonekana kutoka mwisho wa uwanja. Julai mwaka huohuo mwanamitindo Bella Hadid akatokea kwenye tamasha la filamu la Cannes na gauni jeusi la sufi lililokatwa wazi kabisa kifuani, na uwazi huo umefunikwa na mapafu: kidani cha shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, kikitawanyika matawi kwa matawi kama njia za hewa zinavyotawanyika ndani ya kifua. Yale mapafu ndiyo yaliyonifanya niipende nyumba hii. Nilidhani hakuna kitakachoyapita. Lakini mapafu yale yalikuwa yametulia, ni sanamu iliyovaliwa. Moyo huu uko hai, na hiyo ni hatua kubwa, kubwa mno!

Hapa ndipo damu ya mwanzilishi inapoonekana. Elsa Schiaparelli, aliyezaliwa Roma mwaka 1890, alikuwa akiuchezea mwili namna hii kabla ya wengi wetu kuwa na bibi. Mwaka 1938, akishirikiana na mchoraji Salvador Dalí, alitoa gauni jeusi lenye mifupa. Mbavu, uti wa mgongo, nyonga, vyote vimetunishwa kwa pamba iliyojazwa chini ya kitambaa, hivyo mvaaji anaonekana amevaa mifupa yake nje. Mwaka huohuo akatoa kidani cha plastiki angavu kilichopachikwa wadudu wa chuma. Plastiki haionekani shingoni. Wadudu ndio wanaoonekana, wanatambaa kwenye ngozi tupu. Kabla ya hapo mwandishi Elsa Triolet alikuwa amemtengenezea mkufu ambao shanga zake zilifanana na vidonge vya aspirini. Schiaparelli hakuwahi kukidharau kitu kwa sababu ni cha bei rahisi. Alichotaka ni wazo.

Ndiyo maana nawashangaa wanaoanza kwa kuuliza kama vijiwe vya moyo ule ni yakuti za kweli. Si yakuti, na afadhali. Vingekuwa yakuti, mazungumzo yote yangekuwa ya bei na walinzi. Yakuti za kweli zimeshapata moyo wao: Dalí huyohuyo alibuni mwaka 1953 Moyo wa Kifalme, moyo wa dhahabu wenye taji juu, na katikati yakuti nyekundu 46 zinazodunda kwa mtambo. Uko Figueres, Hispania, kwenye jumba lake la makumbusho, nyuma ya kioo. Roseberry ameuchukua moyo huo, akauvua taji, akautoa kwenye kioo, akamvisha mtu anayetembea. Naona amefanya jambo ambalo hata Dalí hakulifikisha mwisho, maana moyo wa Figueres unadunda peke yake. Huu umepata mwili.

Mengine ya siku ile? Yako mengi na ni mazuri, ingawa sitadanganya kwamba niliyatazama kwa utulivu. Roseberry amerudi kwenye miaka ya ukingoni mwa Vita Kuu ya Pili, 1937 hadi 1940, wakati Elsa akiwa kileleni na Ulaya ikiteleza kuelekea maangamizi. Karibu kila kitu ni cheusi na cheupe, kama picha za zamani, ndiyo maana wekundu ule ulinipiga vile. Ameziacha koseti, zile za kubana kiuno zilizomletea sifa misimu iliyopita, na nguo zimepata pumzi. Mwanamuziki Cardi B alifika mlangoni na kunguru wa kweli mkononi. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba kunguru alipendeza.

Kipo kipande kimoja kinachostahili kusimama karibu na moyo, nacho ni joho la Apollo. La kwanza lilikuwa la mahameli nyeusi, Elsa alilitoa mwaka 1938 likiwa limedariziwa chemchemi ya Versailles. La sasa limeacha nyuzi: ni milipuko ya miale ya vijiwe, tabaka juu ya tabaka, nyeusi, rangi ya chuma cha bunduki, fedha iliyofifishwa. Ukilitazama kwa mbali unaona manyoya. Ukilisogelea unaona nyota. Nani amekaa akapanga yote hayo kwa mkono? Apewe likizo.

Gauni la macho sikulipenda kiasi hicho. Limedariziwa macho mengi, kila mboni imepakwa rangi kwa mkono chini ya tone la utomvu mgumu, na kama kazi ya mikono halina dosari. Lakini macho yakiwa mengi hivyo yanakuwa ua la kitambaa, hayakutazami tena. Jicho moja mahali pasipotarajiwa lingenitisha zaidi. Moyo umeshinda kwa sababu ni mmoja.

Ombi langu kwa Schiaparelli ni hili: msiuweke stoo. Mpeni mtu auvae kwenye zulia jekundu, kisha mzime muziki na kuwanyamazisha wapiga picha, tusikie kama una sauti. Halafu muwaazime wale wa Figueres, ukae chumba kimoja na ule wa Dalí, gauni likiwa limevishwa sanamu katikati ya ukumbi na si ukutani, ili watu wapate kuzunguka mpaka nyuma. Mkifanya hivyo naanza kutafuta nauli leo.