Mizani ya Kuchagulia Nyimbo Bora za Zama za Santuri

Kuchagua nyimbo bora za zama zilizopita ni kazi ipendwayo na wengi, lakini ni wachache wanaoeleza mizani waliyoitumia. Taarabu ya Unguja ya tangu mwaka 1928 hadi kuzuka kwa vita vya 1939 ni mfano mwema. Mpenzi wa nyimbo hizo, akitakiwa ataje zilizo bora, aghalabu hutaja zile zilizohifadhiwa katika santuri, kana kwamba kuhifadhiwa na kuwa bora ni jambo moja.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, akatia sauti yake katika santuri za His Master's Voice. Santuri ya inchi 10, izungukayo mara 78 kwa dakika, ilichukua dakika 3 hivi kwa kila upande. Katika karamu wimbo haukuwa na mpaka huo. Mwimbaji alirudia mshororo uliowapendeza wasikilizaji, akangoja watunzwaji watunzwe, akaongeza ubeti palipohitajiwa. Basi santuri ni ushahidi wa wimbo, wala si wimbo wote. Isitoshe, kampuni ilirekodi kile ilichotumaini kukiuza. Nyimbo za waimbaji wasiopanda chombo kwenda Bombay hazimo katika hesabu, nazo haziwezi kuitwa duni kwa sababu hiyo tu.

Wengine hupima kwa maandishi. Mizani hii ina haki yake, kwa maana ubeti wa taarabu, wenye mishororo mitatu na vina vya kati na vya mwisho, ni kazi ya ushairi yenye kanuni. Lakini apimaye ushairi hana budi kumkumbuka mtungaji. Orodha nyingi huandika jina la Siti peke yake, ilhali Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Budda bin Mwendo walikuwa naye, na beti zilitungwa na kutengenezwa katika mazungumzo ya jamaa hao. Kuusifu utungo na kumsahau mtungaji ni kusifu nusu. Pia utungo ulionyoka vina waweza kukosa uhai midomoni mwa watu.

Mizani ya tatu ni matumizi: je, wimbo uliendelea kuimbwa baada ya santuri yake kuvunjika? Hapa wimbo wa "Kijiti" wastahili nafasi ya mbele. Wasimulia mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, kutoroka kwa mtuhumiwa kwenda bara, na jinsi adhabu ilivyowaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Jina la mtuhumiwa latajwa waziwazi, na lugha yake ni Kiunguja cha maongezi, kisichopambwa. Ubora wake umo katika uwazi huo: jambo ambalo mahakama ililimaliza kwa namna yake, wimbo ulikataa limalizike. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa kesi hiyo.

Hata hivyo mizani ya tatu nayo yaweza kudhulumu. "Kijiti" uliishi kwa kuwa unajieleza wenyewe. "Muhogo wa Jang'ombe" nao uliishi kwa kuwa fumbo lake lategemea mambo yasiyopotea: muhogo wajulikana na wote, Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, na msikilizaji hajapata tabu kutambua kwamba chakula si chakula tu. Lakini taarabu ina nyimbo nyingi za mafumbo yaliyolenga ugomvi wa jirani na jirani. Waliojua aliyelengwa wakifa, fumbo hufa nao, na wimbo hubaki maneno matupu. Wimbo wa namna hiyo huenda ulikuwa mkali kuliko yote usiku ulipoimbwa. Kufa kwake hakukutokana na udhaifu wa utungo.

Haya si mambo ya burudani tu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na katika miaka hiyohiyo santuri zilikuwa zikihifadhi Kiunguja kama kilivyotamkwa na watu wa Ng'ambo. Nyimbo zinazochaguliwa ndizo zitakazoandikwa, kufundishwa na kutolewa mifano ya lugha. Zinazoachwa huachwa pamoja na maneno yake.

Kwa hiyo mteuzi na aache kupanga wa kwanza hadi wa kumi. Yafaa kila wimbo uandikiwe mambo matatu: umefikaje mikononi mwetu, nani waliutunga na nani aliuimba, na ulitumiwa wapi na hadi lini. Kwa mizani hiyo "Kijiti" hautapoteza cheo chake, na nyimbo zisizo na santuri zitapata angalau nafasi ya kutajwa.